Nyodo za Namnyaki

Tulimzika Namnyaki kwao Oldonyo Sambu, siku ya upepo mkali, vumbi linatuingia vinywani hata wimbo wa kwanza tukashindwa kuumaliza. Mjukuu wake mkubwa, Lemali, mtu mzima mwenye watoto wake, ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Akasema bibi yao alizaliwa hapo hapo, akasoma shule ya misheni mjini Arusha, akaolewa, akajaliwa watoto, akafuga, akalima, akaugua. Kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi, akatabasamu, akasema, "Na kama mnavyojua, wengi wetu tulimfahamu kwa jina la Bibi Nyodo." Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha mapenzi, sitaki kumsingizia mtu. Mchungaji naye alicheka. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele kwa heshima ya mvi zangu, fimbo katikati ya magoti. Katika umati ule wote nilikuwa nimebaki peke yangu ninayejua jina lile lilitoka wapi, na wala hakuna aliyeniuliza.

Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, na neno hili nimekutana nalo kila mahali. Waandishi wetu wanalipenda. Likitokea kwenye hadithi, ujue kuna mwanamke anapita njiani: amevaa nguo safi, hakutazama pembeni, hakuchekea watu waliokaa barazani, basi ana nyodo. Likitokea kwenye shairi, ujue mwenye nyodo ataanguka kabla ya beti kwisha, na msomaji atafurahi. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, nyodo na kiburi si kitu kimoja?" Nikawaambia hapana. Kiburi ni neno zito, limo kwenye Biblia. Mtu akikutuhumu nalo itabidi asimame athibitishe, na wewe unayo nafasi ya kutubu mbele ya usharika ukarudishwa kundini. Maringo ni ya ujana, yanapita na ujana wake. Nyodo ni neno jepesi, watu hulisema huku wanacheka, na kwa kuwa limesemwa kwa kicheko hakuna anayewajibika nalo. Mtu ameiona shingoni kwako, basi. Utamwonyesha nini ili ajue kwamba haipo? Wanafunzi wakaandika hayo madaftarini, wakafaulu mitihani yao, na maisha yakaendelea.

Mwaka lilipozaliwa jina lile ulikuwa mwaka wetu wa mwisho shuleni, enzi za Mwingereza, picha ya mfalme wao imetundikwa juu ya ubao na sisi chini yake tunakariri mito ya nchi ambazo hatutazifika. Mimi na Namnyaki tulipanga kwa shangazi yangu aliyekaa Sekei, pembeni ya mji. Sisi Wameru, yeye Mwarusha, lakini shangazi alisema mtoto wa shule hana kabila, ana njaa tu. Chumba chetu kilikuwa kidogo, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na nusu yake ilijaa magunia ya kahawa ya shangazi ikisubiri kupelekwa kuuzwa. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, na harufu ya kahawa kavu ikatuingia kwenye nguo hata wenzetu darasani wakajua tumefika kabla hawajatuona. Asubuhi tulikunywa uji, jioni ndizi zilizopikwa na maharage, na siku Namnyaki akitoka likizo kwao alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, shangazi akatupikia loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa pamoja na maziwa yale, tukala wote kwenye sufuria moja mpaka vijiko vikagongana. Namnyaki alikuwa mchekeshaji. Alimwigiza mwalimu mkuu anavyopiga chafya, alimwigiza shangazi anavyobishana na wanunuzi wa kahawa, na shangazi mwenyewe akicheka mpaka anafuta machozi kwa kanga. Nayasema haya kwa sababu watu wa Oldonyo Sambu waliomzika hawakuwahi kumwona anacheka hivyo.

Tena alikuwa na akili. Mimi nilijitahidi, lakini yeye alisoma jambo mara moja likakaa. Mwisho wa mwaka ule wazee wa usharika walitakiwa kuchagua msichana mmoja wa kwenda chuo cha ualimu, na shule nzima ilijua ni nani. Baba yake alikuwa ameshasema neno lake, na baba yule hakuwa mtu wa maneno mawili: wazee wakimchagua, aende, wasipomchagua, anarudi nyumbani kuolewa na bwana mmoja mtu mzima, mwenye wake wengine, aliyekuwa tayari ameanza kuleta ng'ombe. Namnyaki aliniambia habari hiyo tukiwa tunamenya ndizi, bila kuinua uso. "Ndeshi, mimi nina mlango mmoja tu," akasema. "Ukifungwa, nimefungiwa."

Sasa kulikuwa na mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Mhina, mtu wa Muheza, mwembamba, mpole, mpenda mashairi. Kiswahili chake kilitushangaza. Sisi tulisema Kiswahili cha kununulia chumvi. Nyumbani tulikuwa na Kimeru chetu, Namnyaki na Kimaasai chake, ndiyo lugha ya Waarusha. Kwenye sherehe ya kufunga muhula Mwalimu Mhina alitutungia shairi la kughani mbele ya wazazi. Alikuwa amekasirishwa na makarani wa mjini, wale waliovaa tai na kuwaacha wazee wa milimani wamesimama juani siku nzima wakisubiri kuhudumiwa. Ubeti uliowaingia watu ndio huu:

*Nimemwona barazani, tai shingoni yang'aa,*
*Namwamkua jamani, kuitika akataa,*
*Shingo yake i angani, tumbo lake lina njaa,*
*Nyodo haina mtaji, mwenye nayo hujikwaa.*

Wazazi walipenda mno. Neno lile wengi wao walikuwa hawajawahi kulisikia, wakamwomba Mwalimu Mhina awaeleze, naye akasimama akaeleza kwa mikono na shingo, kama mtu anayecheza mchezo, watu wakaangua kicheko. Ndani ya muda mfupi ukawasikia akina mama wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani kwenda sokoni wanaimba mstari ule wa mwisho. Usinielewe vibaya, kwa lugha zetu tulikuwa na maneno ya kumsema mtu anayejiona. Lakini hayo yalikuwa maneno ya baraza, ukiyatamka ujiandae kuitwa na wazee uyathibitishe. Hili jipya lilikuwa tamu mdomoni, halina mwenyewe, na kila mtu alitamani kulitumia. Kilichokuwa kimebaki ni kumpata wa kumtumia.

Namnyaki alirudi kutoka likizo ile amefunga kitambaa cheupe kichwani, kimekazwa mpaka kwenye nyusi. Usiku tulipobaki wenyewe akakifungua. Kichwa kilikuwa kimejaa mapunye, mabaka mabaka, na dresa wa zahanati ya misheni, yule msaidizi wa kufunga vidonda, alikuwa amempaka dawa ya zambarau iliyotapakaa hadi nyuma ya masikio. Dresa alikuwa amemwambia asimruhusu mtu yeyote aguse kichwa chake mpaka apone, maana mapunye yanaambukiza. Akaniapisha nisimwambie mtu. Ilikuwa ni aibu, mapunye watu waliyahesabu kuwa ni ugonjwa wa mtoto asiyeoga, na huyu alikuwa binti mkubwa. Halafu alikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi. Chuoni walikuwa wanakagua afya, na akisikika ana ugonjwa wa ngozi, wazee wangetafuta msichana mwingine.

Mtu asiyekulia kwetu hataona shida iko wapi. Kwa Waarusha, na kwetu pia tuliokaa nao jirani, mtoto hamsalimii mzee kwa mdomo peke yake. Anamwendea, anainamisha kichwa, anatulia, na mzee anaweka kiganja utosini. Hapo ndipo umesalimiwa. Ukisema shikamoo ya shuleni bila kuinama, umesema maneno tu. Jumapili ya kwanza ya muhula, baada ya ibada, watoto na wasichana wote tukapanga foleni mbele ya Mzee Elifasi, mkubwa wa wazee wa usharika, mtu mrefu mwenye koti jeusi la mikutano. Mkono wake ukashuka kichwa baada ya kichwa. Mimi nikainama, nikauhisi kiganja kile kikavu chenye sugu za jembe. Nyuma yangu alikuwa Namnyaki. Alipofika mbele yake akasimama wima, akarudi hatua nyuma, akashikanisha mikono kifuani, akasema kwa sauti safi, "Shikamoo, Mzee." Mkono wa Mzee Elifasi ulikuwa umeshaanza kushuka. Ukabaki hewani. Nikamsikia mama mmoja nyuma yetu anamnong'oneza mwenzake, "Shingo yake i angani." Mwenzake akaziba mdomo kucheka.

Njiani nilimlaumu. Nikamwambia angeinama tu na kitambaa chake, nani angejua. Akanijibu kwa utulivu ulioniudhi, "Ule mkono unagusa watoto wote wa usharika, Ndeshi. Ukigusa kitambaa changu halafu ukagusa yule mdogo wa nyuma, kesho nyumba nzima ina mapunye. Nitawaambukiza watoto wa watu ili nionekane nina adabu?"  

Jumapili zikafuatana, na kila Jumapili shikamoo ile ile ya shingo iliyonyooka. Alijaribu kukwepa, akawa wa mwisho kutoka kanisani, lakini kukwepa nako kukahesabiwa. Jioni moja nilikuwa nachochea moto, shangazi na jirani zake wawili wamekaa kwenye vigoda wanachambua maharage, nikawasikia.

"Yule binti wenu wa Oldonyo Sambu ameharibika," akasema mmoja. "Shule imempanda kichwani."

"Si shule," akasema wa pili. "Hata huyu Ndeshi anasoma, mbona anainama. Yule ana nyodo. Mwalimu alituambia, tukadhani ni mambo ya makarani, kumbe tunaye ndani."

"Nyodo haina mtaji," akamalizia wa kwanza, wakacheka, maharage yakaendelea kudondoka kwenye ungo.

Walipoondoka nilishindwa kuvumilia. Nikavunja kiapo changu, nikamwambia shangazi yote, mapunye, dawa ya zambarau, agizo la dresa, watoto wa watu. Shangazi alikuwa mwanamke mwema, alimlisha Namnyaki kama alivyonilisha mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Maskini," akasema. "Lakini mwanangu, si angesema?"

"Anaona aibu, shangazi. Na anaogopa watamnyima chuo."

"Sisi ni mama zake. Mtoto anaumwa kichwa, analala nyumbani kwangu, anakula kwangu, hasemi. Anaona bora tumfikirie vibaya kuliko kutuambia. Sasa hiyo ni nini kama si nyodo?"

Nilisimama pale na ukuni mkononi. Nilikuwa nimeleta maelezo yote niliyokuwa nayo, na neno lile likayameza likanenepa. Tangu siku hiyo nikalijua lilivyo. Ukinyamaza ni nyodo, ukijitetea ni nyodo, ukilia utaambiwa unajililia mwenyewe. Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo na sijaona mwandishi aliyeandika hofu niliyoipata jikoni mle.

Mapunye yakapona. Nywele zikaanza kuota fupi fupi, na Namnyaki akarudi kunichekesha usiku. Jumapili iliyofuata alivua kitambaa. Alikuwa na furaha ya ajabu, aliamka kabla yangu, akapaka mafuta kichwa chote kikang'aa. Ibada ilipokwisha hakusubiri mwisho, alitangulia yeye, akamwendea Mzee Elifasi mbele ya watu wote, akainama. Aliinama chini kabisa kuliko sisi tulivyokuwa tunainama, shingo yote iko wazi. Akangoja. Mzee Elifasi alimtazama utosini kwa muda, kisha mikono yake yote miwili akaipeleka nyuma ya koti.

"Leo shingo imepata njia ya kushuka," akasema, bila hasira. "Kumbe ilikuwa inasubiri wakati wa kuchaguliwa."

Akampita, akaenda kwa mtoto aliyefuata. Namnyaki hakuinuka. Alibaki ameinama mbele ya mahali ambapo hapakuwa na mtu, na watoto wakawa wanampita pembeni, mpaka nilipoenda nikamshika bega. Uso wake ulikuwa mkavu. Nilitamani alie, hakulia.

Wazee walikaa siku chache baadaye katika nyumba ya usharika, nasi wasichana tukaitwa kuwapikia chai. Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, unasikia kila kitu. Mwalimu Mhina aliomba ruhusa ya kusema. Nilimsikia sauti inatetemeka, mtu yule aliyesimama mbele ya mamia bila woga. "Wazee wangu," akasema, "lile shairi niliwatungia makarani. Mwenye nyodo ni mtu mwenye kitu, anamdharau asiye nacho. Binti huyu ana nini? Hata viatu hana. Neno lile halimhusu. Mimi ndiye niliyelileta, nami nawaambia halimhusu."

Mzee Elifasi akasema, "Mwalimu, tunakushukuru. Lakini ukimpa mtu mbegu, akaipanda kwake, humwambii tena iote upande gani. Neno ulitupa. Sasa ni letu, na sisi tunajua limemkaa nani." Wazee wakaguna kukubali. Niliingia na birika, nikawamiminia chai mmoja baada ya mwingine, Mwalimu Mhina ameinamisha uso, kikombe chake hakukigusa. Kabla chai haijapoa, walikuwa wamenichagua mimi.

Mimi ningekataa nini? Ningemkatalia nani? Baba yangu alichinja mbuzi. Namnyaki alinisaidia kufungasha, akanikunjia sketi zangu vizuri kuliko nilivyoweza, kwenye chumba kile chenye harufu ya kahawa, ingawa magunia yalikuwa yameshaondoka na sauti zetu zikawa zinagonga ukutani. Sanduku lilipojaa akalikalia ili lifunge. "Ukifika chuoni," akaniambia, "uniangalizie lile neno lina maana gani hasa. Nimepewa nilibebe, silijui." Aliolewa mwezi huo huo. Mwalimu Mhina aliomba uhamisho akarudi kwao, na sikusikia tena kwamba ametunga kitu.

Nilimtembelea mara chache, maisha hayakuturuhusu. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka juzi. Nilimkuta amekaa nje, kipofu wa jicho moja, mgongo umenyooka vile vile. Alikuwa mkali, hilo siwezi kulikana. Wakwe walimwogopa, majirani walimsalimia kwa mbali, na wajukuu walisimama mbele yake bila kuinama kwa sababu ukoo mzima ulijua Bibi hashiki vichwa. Mumewe alikuwa amesikia neno lile kabla hajamwoa, akamkaribisha nalo, wake wenzake wakalichukua, watoto wakazaliwa wakalikuta. Tukanywa chai. Akaniuliza, "Ulisema utaniangalizia. Uliona nini?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu, kiburi na uzito wake, maringo na ujana wake, nyodo na wepesi wake. Alisikiliza kichwa amekielekeza kwangu kwa upande wa jicho zima. Nilipomaliza akacheka kidogo, si kile kicheko cha Sekei.

"Mimi nimekaa nalo kuliko hivyo vitabu," akasema. "Mwanzo nilikuwa nakataa. Kisha nikachoka, nikaona bora niwe nayo kweli, angalau wasiwe waongo. Siku hizi mtu akiita Namnyaki nageuka kutazama anaitwa nani."

Baada ya maziko, watu wakiwa wamekwenda kula, nilirudi peke yangu kaburini. Lemali alikuwa amechuchumaa pale na kopo la rangi nyeupe, anamalizia maandishi kwenye msalaba wa mbao. Jina lake lilikuwa juu, kwa herufi ndogo. Chini, kubwa, ameandika BIBI NYODO, rangi bado mbichi.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo la chini lifute."

Akanishangaa. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alimpenda yule bibi, alimbeba mgongoni kumpeleka hospitali mimi nikiwa sijui hata kwamba anaumwa. "Bibi, nikilifuta," akasema, "watu watajuaje ni nani amelala hapa?"

Niligeuka kuwatazama waliokuwa wakila kule uani, wazee kwa vijana, majirani zake wa miaka yote, nikamtafuta hata mmoja aliyewahi kumwita kwa jina lake, nisimpate. Kisha nikamwambia Lemali azipake herufi zile za chini rangi mara ya pili, maana upepo ulikuwa unarusha vumbi juu yake.